Cheti cha dawa za usingizi kiandikwe na atakayemwona mgonjwa tena

Baba alipofariki, mama aliingia eda akiwa na miaka 64. Kwa miezi minne na siku kumi hakuvuka kizingiti cha nyumba yetu ya Tandika, Dar es Salaam, na muda wote huo hakuonwa na daktari hata mara moja. Dawa lakini alikuwa nazo. Usiku wa tatu wa msiba, turubai bado limefungwa mbele ya nyumba na wanawake wamelala kwenye mikeka, mama mdogo alimhurumia dada yake ambaye hakuwa amefumba jicho, akamtuma kijana mmoja duka la dawa la barabarani. Kijana akarudi na kibahasha cha nailoni. Ndani mlikuwa na vidonge kumi vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, jina la dawa limebaki nusu kwenye karatasi ya fedha, na juu ya kibahasha kumeandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x1 usiku. Jina la mgonjwa hakuna, tarehe hakuna, siku ya kuacha hakuna.

Mama alilala. Nyumba nzima tulishukuru. Wiki iliyofuata mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kununua kumi vingine. Nilimwita muuzaji "dokta", kama tunavyomwita kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa katika mji huu, akanihesabia, nikalipa, nikaondoka. Sikuulizwa dawa ni ya nani.

Miezi kumi na minne baadaye mama alikuwa anameza viwili kila usiku, na usiku mwingine vitatu. Alfajiri moja, saa kumi na moja, alitoka uani na kopo lake kwenda bombani kutawadha, miguu ikamkataa, akaanguka akavunjika kifundo cha mkono. Daktari kijana wa kituo cha afya aliyempokea ndiye mtu wa kwanza, tangu ule usiku wa tatu wa msiba, kumwuliza anameza nini kabla ya kulala.

Nimeanza na habari ya nyumbani kwetu kwa sababu mjadala wa nani aruhusiwe kuandika dawa hizi huendeshwa kana kwamba hatari inaanzia kwenye kalamu ya daktari. Kwetu hatari iliingia na kukaa zaidi ya mwaka bila kalamu ya daktari yeyote kugusa karatasi.

Dawa yenyewe ni diazepamu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Valium, jina la biashara lililoingia sokoni 1963. Si dawa mbaya. Mtoto anayetupwa na degedege la muda mrefu inaweza kumwokoa ndani ya dakika chache. Tatizo lake ni kwamba haiondoki mwilini haraka. Nusu tu ya kipimo huchukua kati ya saa 20 na 50 kutoka, na ini likishaivunja huacha kitu kingine chenye kazi ileile kinachokaa muda mrefu zaidi. Kwa mtu mzima wa umri wa mama, ini na figo zimepunguza mwendo, kidonge cha leo hukikuta cha jana na cha juzi. Aliyekwenda bombani ile alfajiri alikuwa amebeba usiku kadhaa kichwani.

Na hakupaswa kuanzishiwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013 kuhusu hali zitokanazo na msongo, lilisema wazi kwamba dawa za kundi hili, benzodiazepini, wasipewe waliofiwa ambao hawana ugonjwa wa akili. Kukosa usingizi usiku wa tatu baada ya kumzika mume uliyeishi naye miaka arobaini ni huzuni, na huzuni ina watu wake: ndugu, jirani, shekhe, mtu wa kukaa naye mpaka kupambazuke. Lakini angalia misiba yetu ya Dar es Salaam. Mara ngapi umesikia mtu akisema "mpeni Valium apumzike" kwa sauti ileile ya kusema mpeni chai? Tunafanya kwa mapenzi. Mama mdogo alifanya kwa mapenzi, nami pia.

Mwili ukishaizoea dawa hii kwa wiki chache, kuiacha ghafla kunaleta kukosa usingizi kuliko kule kwa mwanzo, kutetemeka, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, na kwa wengine degedege. Vijana wa mtaani wana neno la hali hiyo: arosto. Ni neno la watu wa unga, na hakuna mtu nyumbani kwetu ambaye angelitumia kwa mjane anayesoma uradi. Siku mbili ambazo dawa zilimwishia mama wakati wa Idi, akatetemeka na kulia bila sababu, shangazi alisema ni majini ya ukoo. Tukanunua ubani.

Sasa sheria. Diazepamu imo kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971 unaohusu dawa zinazogusa akili. Morfini na pethidini, dawa za maumivu makali, zimo kwenye ule wa 1961 wa dawa za kulevya. Hapa nchini tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndiyo inayotoa vibali vya kuingiza dawa hizi kwa ajili ya tiba. Baraza la Famasia linasimamia maduka na wafamasia. Diazepamu ni dawa ya cheti. Ukisoma karatasi peke yake, utadhani haiwezekani kijana wa miaka kumi na saba kutumwa usiku akarudi na vidonge kumi.

Mbali na sheria, kuna mwongozo wa taifa wa matibabu unaopanga dawa kwa ngazi: hii itolewe kuanzia zahanati, ile kituo cha afya, nyingine mpaka hospitali ya wilaya, ya mkoa, au mikononi mwa bingwa. Mpango huo una mantiki yake, maana dawa nyingine zinahitaji maabara, kitanda, au mtu wa kushughulikia madhara yakitokea. Lakini kwa dawa inayozoesha, mpango wa ngazi unauliza jengo lina nini. Swali ambalo lingemsaidia mama lilikuwa jingine kabisa: nani atamwona tena mwanamke huyu baada ya siku kumi na nne?

Jibu la swali hilo, kwa watu milioni 5.38 waliohesabiwa Dar es Salaam kwenye sensa ya 2022, kwa sehemu kubwa si bingwa. Mabingwa wa afya ya akili ni wachache, na hospitali kubwa leo utaonwa na huyu na mwezi ujao na yule. Anayeweza kukuona tena ni daktari wa mtaani kwako. Ninaposema daktari wa familia sisemi yule wa wenye nacho anayekuja na mkoba nyumbani. Kuna madaktari bingwa wa tiba ya familia wanaofundishwa hapa Dar, na ni jambo zuri, ila kwa wengi wetu daktari wa familia ni yule wa kituo cha afya au zahanati ambaye alimtibu mtoto malaria, akampima mama presha, na anajua kwamba baba wa nyumba hii amefariki kwa sababu alipita pale akakuta turubai.

Nimezungumza na madaktari wa aina hiyo zaidi ya mmoja, na wengi hawapendi kabisa kugusa dawa hizi. Wanaogopa maswali ya mkaguzi, wanaogopa rejesta isiyolingana na vidonge vilivyobaki, wanaogopa mgonjwa atakayerudi kila Ijumaa na hadithi mpya. Wengine, hasa wa zahanati binafsi, wana hofu ya upande wa pili: usipomwandikia mgonjwa anayelipa, atakwenda kwa mwenzako. Kwa hiyo wapo wasioandika hata inapostahili, na wapo wanaoandika hata isipostahili, na katikati yao kuna duka la dawa lililo wazi hadi saa nne usiku. Mgonjwa anafuata mlango ulio wazi.

Ukali wetu kwenye karatasi umeangukia mahali pabaya, na kwenye morfini ndipo unapouma zaidi.

Jirani yetu mmoja alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Miezi yake ya mwisho alilala kwenye godoro sebuleni, mlango wazi ili apate upepo, na usiku tulimsikia mpaka kwetu. Hospitali ya karibu ilimpa parasetamoli, kisha ikampa sindano za maumivu, kisha ikamwambia mwanawe kwamba dawa ya kumfaa haiandikwi pale. Yule kijana alikuwa anaendesha bodaboda. Kila dawa ilipoisha aliacha kazi nusu siku kwenda mjini kufuata chupa ndogo ya maji ya morfini, na chupa ilipochelewa mama yake alikaa usiku mzima akiuma ncha ya khanga. Morfini ya kunywa si dawa ya ajabu. Ni unga unaochanganywa na maji kwa vipimo, unanywewa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu hufunga tumbo. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina uzoefu nayo wa miaka mingi. Kinachokosekana ni mtu wa kuiandika karibu na godoro.

Tume ya jarida la The Lancet ilitoa hesabu 2017 ambayo tangu niisome haijanitoka: katika tani 298.5 za dawa za kundi la morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Yaani kilo mia moja. Tanzania ilikuwa bado kwenye kundi hilo. Benki ya Dunia ilituhamishia kipato cha kati cha chini mwaka 2020. Tunapenda kusema ni mikataba ya kimataifa inayotubana, lakini mkataba wa 1961 wenyewe, kwenye dibaji yake, unatamka kwamba matumizi ya dawa hizi katika tiba hayana mbadala katika kuondoa maumivu na mateso, na kwamba lazima upatikanaji wake uhakikishwe. Udhibiti na upatikanaji viliandikwa pamoja. Tumeshika kimoja.

Majirani zetu wa Uganda walivishika vyote viwili. Kazi iliyoanzishwa huko 1993 na daktari Anne Merriman kupitia Hospice Africa Uganda ilisukuma serikali hadi, mwaka 2004, sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa usiopona, kuandika morfini ya kunywa. Wauguzi. Hawakusema kila muuguzi. Walisema aliyefundishwa, aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, anayekwenda nyumbani kwa mgonjwa na kuhesabu kilichobaki kwenye chupa. Ruhusa ilifungwa kwenye ufuatiliaji.

Najua pingamizi, na ni la haki. Ukimpa daktari mmoja wa mtaani kalamu ya dawa hizi, nani atamwangalia yeye? Uingereza walilipia swali hilo kwa damu. Harold Shipman alikuwa daktari wa familia mwenye kupendwa katika mji wa Hyde, karibu na Manchester. Januari 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake 15, kwa sindano za diamofini, ambayo ni heroini ya hospitali. Uchunguzi uliofuata ulionyesha alivyokuwa akijipatia dawa kwa majina ya wagonjwa na kuweka zilizobaki wanapofariki. Baada ya hayo ingekuwa rahisi kuwanyang'anya madaktari wote wa familia kalamu hiyo. Hawakufanya hivyo, kwa sababu wangewaacha maelfu ya wenye saratani bila dawa majumbani. Walibana kumbukumbu: wakaweka kwa sheria ya 2006 maofisa wenye jukumu la kufuatilia dawa hizi, na ukaguzi wa nani anaandika nini na kwa kiasi gani. Mpaka leo daktari wa familia Uingereza anaandika morfini na diazepamu, lakini cheti kinakufa baada ya siku 28, na inashauriwa kisizidi dawa za siku 30.

Pingamizi jingine ni la hapahapa nyumbani: mateja watazimaliza. Kwa hili jibu liko hospitali ya Muhimbili. Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa pale, ya kwanza ya serikali Tanzania Bara, kisha huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Methadoni ni dawa kali ya kundi lilelile la morfini, inaweza kuua ikitumiwa vibaya. Kwa zaidi ya miaka kumi watu ambao mji ulikuwa umewakatia tamaa wamekuwa wakipanga foleni asubuhi, jina linaitwa, kipimo kinamiminwa, wanakunywa mbele ya mtoa huduma, rejesta inajazwa. Kama tumeweza kusimamia methadoni kila siku ya Mungu kwa watu waliokuwa wanajidunga chini ya daraja, sioni kwa nini tushindwe kusimamia chupa ya morfini kwa bibi wa Mbagala au vidonge saba vya diazepamu kwa mtu wa Tandika.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki. Daktari wa ngazi ya mtaani aruhusiwe, tena ahimizwe, kuandika dawa hizi, kwa sharti kwamba kila cheti kiwe na sababu ya kuandikwa, idadi ya vidonge kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya mgonjwa kurudi kwake yeye huyohuyo. Kwa usingizi na wasiwasi, kisizidi wiki mbili kabla ya kumwona tena. Mwongozo wa Uingereza unafika hadi wiki nne na kusimama hapo. Kwa msiba, asiandike. Kwa maumivu ya saratani, asibane, aende nyumbani akaone. Duka libaki na nakala ya cheti, na mkaguzi akifika aulize nakala hizo kabla hajauliza leseni iliyotundikwa ukutani. Na anayetaka kuruhusiwa afundishwe kwanza kuacha: jinsi ya kumtoa mtu kwenye dawa aliyokwisha kuizoea. Nimeona mafunzo mengi yanayoeleza namna ya kuanzisha dawa, na hili la kuacha huwa mstari mmoja.

Wenye kifafa wanastahili kutajwa pia, kwa sababu fenobabitoni, dawa ya tangu 1912 ambayo bado ndiyo tegemeo la wagonjwa wengi wa vijijini na mijini, imo kwenye jedwali lilelile la mkataba wa 1971 pamoja na diazepamu. Tukikaza kamba kwa pupa, wa kwanza kuumia ni mwenye kifafa: akiikosa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu na kinaweza kumwua. Cheti chake kinapaswa kuwa cha miezi, na kisikatishwe kwa sababu mkaguzi ameona neno "dawa ya kudhibitiwa".

Yule daktari kijana hakumwambia mama aache. Alimwamkia, akavuta kiti, akamwuliza habari za baba: alikuwa anafanya kazi gani, alifariki vipi, nani alikuwa naye. Mama alizungumza mpaka nesi akachungulia mlangoni mara mbili. Kisha daktari akafungua daftari la kawaida la shule, akaandika jina la mama juu ya ukurasa, na chini yake tarehe za kila baada ya wiki mbili. Kila tarehe, nusu kidonge kinapungua. Vidonge vilikuwa mikononi mwangu, mama hakupewa pakiti. Kila jioni nilikaa na wembe mpya na kisahani, nikikigawa kidonge kidogo cha njano kwenye mstari wake, na vumbi lililobaki nikilifuta kwa kitambaa. Hatua ya nne ilimshinda. Hakulala siku tano, akaniomba kwa jina la baba nimwongezee. Nilimpigia daktari simu. Hakuongeza wala hakupunguza. Alisema tukae hapo hapo wiki tatu, akaandika.

Ilichukua karibu miezi mitano. Mama bado anaamka saa tisa usiku. Mara ya mwisho tulipokwenda alimweleza daktari kwamba akiamka anawasha taa ndogo, anatawadha, anasali rakaa mbili, anamwombea baba, kisha usingizi unamjia tena kabla ya adhana. Yule kijana aliandika yote hayo kwenye daftari, neno kwa neno, na kwenye sehemu ya dawa akapiga mstari.